Sikio la Kulia

Fuvu namba mia nne na kumi na saba
lilinijia ndani ya boksi la viatu,
limefungwa kwa gazeti la mwaka niliozaliwa.
Nikalipiga mswaki. Mchanga wa jangwa ukamwagika puani,
mkavu, mwepesi, kama unga uliosahauliwa kabatini.
Huku kwetu Taltal mvua ni hadithi,
ndiyo maana wafu hawana haraka ya kuoza.

Nikawasha kurunzi, ile ndogo ya daktari wa meno,
nikamulika tundu la sikio.
Njia haikuwepo.
Mlangoni palikuwa na vinundu vitatu vya mfupa,
laini, vyeupe, vimebanana
kama meno ya mtoto yanayogombea nafasi.
Kati yao umebaki upenyo
ambao hata uzi ungepita kwa kubisha hodi.

Maji hufanya hivyo. Si ya vuguvugu:
ni haya ya mkondo unaopanda kutoka kusini kwenye barafu,
yakiingia sikioni leo, kesho, mwaka hadi mwaka.
Ngozi ya mle ndani ni nyembamba kama ya kitunguu,
baridi huukuta mfupa karibu uchi,
na mfupa, usio na mdomo wa kulalamika,
hujenga ukuta.

Miaka elfu nne iliyopita mtu huyu alishuka kwa pumzi moja
kubandua konokono miambani kwa ubavu wa simba-bahari.
Nani alimwita kutoka ufukweni, chakula kiko tayari,
asigeuke?
Nani aliapa kwamba anajifanya?

Sisi tuliapa.
Baba yangu, Nolberto Tabilo, miaka thelathini na mmoja chini ya maji,
mpira wa hewa kinywani, kompresa ikikohoa juu mashuani,
alikaa mezani kama mgeni asiyejua lugha.
Mama akigonga sufuria. Mama akisema,
sikio la kufa hilo, halisikii dawa.
Daktari wa Antofagasta alipochungulia akasema kwa sauti,
mzee, mfupa umeota humu ndani,
baba akacheka mpaka akashika meza:
"Umeota? Kumbe bado nakua!"
Kwa yule daktari hakurudi.
Majini alirudi Jumatatu.

Sikio halipiti kichwa, husemwa. Kweli.
Lakini kichwa kinaweza kulimeza.

Usiku wake wa mwisho nilimwinamia
nikamwambia neno nililolikalia miaka kumi na miwili,
tangu nilipoondoka bila kumuaga.
Akatikisa kichwa. Akatabasamu
kwa adabu, ile ya mtu ambaye hajasikia kitu.
Nilikuwa nimekaa upande huu.
Upenyo, kama ulikuwepo, ulikuwa upande wa pili,
uliogeukia ukuta.

Kwenye fomu pana mstari wa sikio.
Nimeandika: kulia. Vinundu vitatu. Njia imeziba.
Kisha kalamu ikarudi nyuma
ikasimama juu ya lile neno la kwanza,
wino ukalivimbisha.

Eduvigis, mwenzangu wa stoo, ametoka kununua mikate.
Nikaligeuza fuvu taratibu, kwa mikono miwili,
nikamulika la kushoto.
Kinundu kimoja tu. Kidogo. Nyuma yake, giza linalopitika.
Nikazima kurunzi, nikasogeza mdomo,
nikasema, wala si kwa nguvu:
chakula kiko tayari.