Chini ya Kapeti

Nimeng'oa kiti cha abiria, nimekunja kapeti:
bati limevimba mfano wa kiazi,
ncha imepasuka, kutu inamwagika kama ugoro.
Miaka tisa Mama ameketi hapa
akitafuta pa kuweka kisigino.

Usiku ule, mteremko wa Panzi, mvua,
gurudumu limeisha upepo,
nilisukuma jeki gizani
bila kupapasa ubavuni, penye chuma kinene
kiwezacho kubeba.
Gari halikuinuka. Iliyoinuka ni sakafu.
Nikasikia dwa! sufuria iliyokaliwa.

Asubuhi nikamwambia Baba:
"Ni Cishugi, yule mziba matairi wa Essence."
Baba hakurudi tena kwa Cishugi.
Alipita mbele ya kibanda chake
bila hata hujambo,
mpaka siku tuliyompitisha pale yeye mwenyewe, ndani ya jeneza,
na Cishugi akavua kofia.

Leo Cishugi yuko chini ya Korola hii,
mgongo kwenye matope, amekinga kwa gogo;
mimi niko juu, napiga nyundo
juu ya kipande cha mkaratusi.
"Polepole. Anzia pembeni.
Ukivamia katikati litachanika.
Kisha tukwangue kutu, tuchomee kiraka, tupake lami."

Tunapiga. Kiazi kinashuka, kinakuwa haragwe.

"Lakini jeki hii," anauliza kutoka chini,
"nani alikosea hivi?"

Nyundo imesimama hewani.
Kupitia tundu naviona vidole vyake,
vyeusi kwa grisi,
vinangoja pigo.