Mstari wa Tisa

Mwaka huu jabia letu la Ndau limepasuka ubavu,
na hesabu ya saruji, asema Mwalimu Famau, ipo winguni.
Bi Somoe akatazama juu, akacheka:
"Wingu gani hilo lisilo na tone?"

Darasa la saba wamefungua jedwali moja,
kompyuta tatu, watoto thelathini na mmoja,
kila mkono na rangi yake kwenye ukurasa uleule.
Kupi anaandika: mifuko kumi na miwili.
Shalo, dawati la nyuma, anafuta: kumi na mmoja,
mmoja ulilowa mashuani.
Zamani neno hili lingefika kwa chifu.

Mtandao hushika penye ukuta wa zahanati tu.
Hapo twabanana kama kuku kivulini,
mweka hazina kainua simu kama aombaye dua,
na takwimu za asubuhi zashuka moja moja,
tone,
tone.

Mimi ni katibu.
Daftari langu la jalada jekundu lilimwagikiwa chai,
likatafunwa na mchwa, likanitii.
Humo nilimfichia shemeji yangu deni la mia saba.
Juzi mwanangu Mwanaesha kauliza pembeni, mbele ya wote:
"Mstari wa tisa mbona mtupu?"
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika.
Jedwali likahifadhi yote, na saa yake.

Ijumaa shemeji alilipa. Hanisalimu.
Jabia limezibwa; liko kavu, linanuka chokaa.
Bi Somoe hapiti skuli bila kuuliza
kama wingu letu limejaa.