Mkwaju

Shekuwe kanipa hati za nyumba, picha mia tatu,
toka tarakilishi ya Mkomani.
Nazifungua Langoni: hakuna kitu.
Mkwaju wake umelalia kushoto, wangu kulia;
"Hati" na "hati" kwake ni mtu mmoja,
kwangu hawasalimiani.

Mwanamkuu, muuza mahamri, akachungulia:
"Ukimwelekeza mtu kwangu,
waanzia kitandani kwako?
Anzia aliposimama."

Nikafuta chumba cha Shekuwe mwanzoni mwa kila njia.
Nikabakisha majina matupu;
kuyaunga, kila mashine na mkwaju wake.

Jioni nikamrudishia.
Moja ikagoma mlangoni:
niliipa jina la saa, 4:30,
na kwake nukta pacha haipiti.