Hesabu ya Stoo

Tajiri, daftari hili hapa. Nimelifuta vumbi.
Sukari mifuko kumi na minne, mmoja umelowa chini,
mafuta ya kula madumu sita, la saba limepasuka,
unga sifuri,
mishumaa sifuri,
kiberiti katoni moja, panya amepita.
Ulisema kwa simu niandike kila kilichopungua
tangu daraja liende na maji
na malori yakalala ng'ambo siku kumi na moja.
Basi naandika.

Siku ya tatu bei uliipandisha wewe, ukiwa Masasi.
Mdomo uliotukanwa ni wangu, hapa Ndoro.
Walinijua. Hilo ndilo lililouma.
Mama Fadhira, niliyemkopesha sabuni Ramadhani nzima,
aliniita mwizi mbele ya mwanawe,
na mtoto akanitazama
kama anayejifunza neno jipya.

Siku ya tano hakukuwa na umeme.
Nilipima unga kwa tochi ya simu niliyoibana kidevuni.
Kijana mmoja, simjui, akaruka kaunta
akaukamata mkono wenye funguo.
Hakunipiga. Niandike hivyo, hakunipiga.
Alinishika tu, akaniambia taratibu, kama anaomba radhi,
"Dada, nyumbani wako wanne."
Mchekenje akatoka stoo mbio na gunia begani,
akasimama katikati yetu, hakusema kitu,
gunia halikushuka.
Yule akaondoka na kilo mbili.
Hizo zimo, tazama ukurasa wa tisa.

Kisichomo ni huu mkono.
Mpaka leo ukisikia mlango wa bati unagongwa
unafunguka wenyewe, unaachia chochote ulichoshika:
kikombe, chenji,
juzi mtoto wa dada yangu,
bahati tulikuwa kitandani.
Usiku nalala nikipima. Robo, nusu, robo.
Foleni haiishi, na wa mwisho kwenye foleni ni mimi,
nimeshika kikapu, najitukana.

Mchekenje hasemi, unamjua.
Ila ameanza kunisindikiza hadi Mikumbi,
hatua tatu nyuma, kama mdai mwenye haya.
Jana tulikaa juu ya madumu matupu
tukila ming'oko ya moto kwenye gazeti,
akasema ghafla, "Mimi niliogopa kuliko wewe."
Nikacheka. Akacheka. Halafu tukalia kidogo,
kila mtu akitazama upande wake,
akisingizia pilipili.
Usiku huo nililala hadi adhana.

Hii siyo barua ya kuacha kazi, tajiri.
Kazi naitaka, na mizani naijua kuliko ndugu zako.
Lakini na wewe andika upande wako:
saa kumi na moja tufunge, giza lisitukute na droo wazi.
Bei ikipanda, karatasi ibandikwe mlangoni
na jina lako chini yake, kwa kalamu nene.
Kaunta asiachwe mtu peke yake, hata kwa dakika za kuswali.
Na atakayeruka tena, apewe.
Unga utakuja na lori lingine.
Somoe mwingine hapakiwi popote.

Nilikuwa nimefika hapa simu ikaita. Wewe.
Nikajiandaa kwa "mauzo vipi,"
kidole tayari kwenye jumla.
Kimya. Nyuma yako watu wanabangua korosho,
mtu anakohoa.
Kisha, kwa sauti nisiyoizoea:
"Umelala, Somoe?"

Sijui Mchekenje alikwambia nini, wala kwa simu ya nani.
Upepo ukaubamiza mlango wa bati,
paaa, kama siku ile.
Nilishindwa kukujibu, nikautazama mkono.

Kalamu ilikuwa bado imo.