Utelezi

Trei kumi na mbili za mayai, kila trei thelathini,
nimezifunga kwa kamba ya usumba juu ya godoro la mtoto,
na nyuma kabisa gunia la mchanga,
kwa amri ya kaka yangu Shaame
aliye Tampere, asiyeiona njia hii mwaka wa kumi na moja.

"Tia uzito nyuma," kasema simuni.
"Huku sote twatia. Gari nyepesi haina adabu."

Mvua haijanyamaza tangu daku.
Kilima cha Mtambwe kimekuwa mche wa sabuni nyekundu;
udongo ule ule bibi alioufinyanga vyungu
leo wataka kunifinyanga mimi.

Na huyu Shaame, mniwie radhi, aliogopa baiskeli.
Msimu wake wa kwanza wa baridi aligonga nguzo ya taa
mbele ya duka la mikate, asubuhi, giza totoro.
Mama hakuambiwa. Mama aliambiwa kazi nzuri, watu wazuri.
Mimi nimeambiwa juzi, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne,
na kwa mbali namsikia akikwangua kioo,
kwaru, kwaru,
kama mtu anayepaa changu sokoni.

"Theluji si adui," anasema, "theluji yaonekana.
Adui ni kigae cheusi kilicholala juu ya lami.
Machoni ni njia, tairini ni mafuta."
Nikamjibu: huku kwetu hakijifichi, kaka,
chang'ara kama upara wa mgeni rasmi.

Basi gia ya kwanza. Bismillahi.
Penye mshokishoki, njia inapojikunja,
makalio ya gari yakaamua kwenda kwao.
Sitii chumvi: niliuona ubavu wangu mwenyewe
ukitaka kunitangulia.
Mguu ukakimbilia breki, mguu una akili zake,
nikaukemea kama mtoto
anayekula mchana mbele za watu.

*Usikanyage. Usikanyage.
Tazama unakotaka kwenda, si unakokwenda.*

Sikuutazama mtaro.
Sikumtazama kijana wa bodaboda
aliyejibanza pembeni, mdomo wazi, akinirushia neno
(langu nililimeza; kumeza tusi
nadhani hakufunguzi).
Nilikazia macho paa la skuli kule bondeni,
bati la buluu,
nikalitazama kama mtu anayedai deni,
mikono ikafuata macho,
usukani ukafuata mikono,
na gari, taratibu, kwa kununa, ikafuata.

Kuteleza si kuanguka, walisema wa kale.
Sawa. Lakini baina ya kuteleza na kuanguka
pana upenu mdogo, unene wa ganda la yai,
na humo ndimo wakaamo madereva.

Wete, Bwana Mbarouk wa keki za Idi
akahesabu kwa kidole, trei kwa trei.
Yamevunjika manne.
Akataka kukata bei ya trei nzima.
Nikamwambia apande yeye kesho, aje na kuku wake.

Mwezi huu saa zetu ni moja, mimi na Shaame,
ila jua letu si moja.
Mimi nimeshafuturu, tende mbili na uji wa pilipili manga,
yeye bado saa mbili na ushei, na ana mikate ya kupeleka.
Leo imeanguka tena, anasema, ndiyo ya mwisho.
Kila wiki ni ya mwisho.

"Mayai je?" "Manne." Akacheka.
Kisha nikasikia funguo, injini ikikohoa,
tairi zikisaga kitu nisichowahi kukikanyaga.
Hakukata simu. Nami sikusema neno.
Nimekaa mkekani, bakuli mkononi,
na mguu wangu wa kulia, naona,
umejiinua kidogo kutoka sakafuni.