Mate Siyo Makohozi

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakukaa Vingunguti wahenga hao.
Huku kikohozi kina pa kujificha pengi:
kwenye vumbi la barabara isiyokwisha kuchimbwa,
kwenye "nilipigwa na feni usiku,"
kwenye chupa ya dawa ya rangi ya chungwa
wanayokuuzia bila kukuuliza jina.

Kondo Mwinyimvua alikificha kwenye mkaa.
Miaka kumi na mmoja anapima kwa kopo,
nani angemshangaa muuza mkaa akikohoa?
Mkanda tu ndio ulioshangaa,
ukadai tundu jipya, kisha jingine.

Alipofika dirishani kwangu nikampa kikopo.
Nikamwambia ninavyowaambia wote:
nenda nyuma ya tangi, penye upepo na jua,
vuta pumzi mara mbili, ya tatu itoe toka chini.
Sitaki mate. Mate ni maji ya maneno.
Nataka kile ambacho kifua hakikutaka kukwambia.

Akarudi na mate.
Meupe, yenye povu, mate ya mtu mwenye haya,
maana nyuma ya tangi palikuwa na foleni ya chanjo,
na mtu mzima hajikamui mapafu
mbele ya kina mama wenye watoto mgongoni.

Nikayapokea.
Vikopo siku hiyo sitini na kitu,
umeme umekatika tangu alfajiri,
mashine mpya imelala chini ya kitambaa chake,
jenereta lina kiu.
Nikarudi kwenye kazi ya mkono:
kupaka kioo, kumwaga rangi nyekundu,
kupitisha moto chini yake mpaka kitoe mvuke,
kuosha kwa asidi, kufunika kwa buluu.
Mdudu huyu mbishi; akishavaa nyekundu havui,
asidi impige isimpige.
Kwa ubishi wake ndiyo tunamjua.

Uga wa kwanza, buluu.
Wa kumi, buluu. Wa arobaini,
buluu tupu kama shuka lililotandikwa upya wodini.
Ukifika mia unaruhusiwa kusema hapana.
Nikaandika: Hasi.

Akalikunja neno lile kama noti, akalitia mfukoni.
Kwake lilimaanisha: huna.
Kwangu lilimaanisha: sikuona.
Kati ya huna na sikuona
pana wiki saba, chupa tatu za chungwa,
na chumba kimoja cha kupanga, dirisha la ubao,
watu watano.

Aliyemrudisha ni bintiye, Sikudhani, miaka sita.
Si kwa kumshika mkono. Kwa kukohoa yeye.
Mtoto hajui kutema; anameza ushahidi.
Daktari akamuuliza: nyumbani nani anakohoa?
Akanyoosha kidole mlangoni,
kwa baba aliyegoma kuingia na viatu vyake vyeusi.

Safari hii nilitoka naye.
Niliwaomba kina mama wageuze benchi.
Nikasimama upande upepo unakotoka, nikasema:
baba Sikudhani, usinitunzie heshima. Kohoa.
Akakohoa kama mtu anayeng'oa kisiki.
Kikopo kikarudi kizito,
na juu ya kifuniko, dole gumba la mkaa.

Umeme ulikuwepo. Mashine ikafanya kazi yake.
Lakini nilipaka na kioo pia, kwa deni langu mwenyewe.
Uga wa tatu: hao.
Wekundu, wembamba, wamelala
kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Hawakuwa wamejificha.
Walikuwa wanangoja niulize vizuri.

Chanya, nikaandika, kwa kalamu ileile.
Dawa ni bure, miezi sita, dirisha la pili.
Mtoto naye kaanza zake; anasema zina ladha ya chaki.

Kioo cha kwanza bado ninacho kwenye boksi.
Siku vikopo vikizidi, nakitoa, nakiinua kwenye mwanga.
Kisafi. Hakina kosa kioo kile.
Kilisema kweli tupu
kuhusu mate.