Skrubu ya Tatu

Niliinunua kwa mjane wa Wepukhulu
kwa bei ya mbuzi wawili wa Krismasi.
Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa ndani ya gomesi ya zambarau,
kati ya cherehani isiyo na sindano
na redio iliyokufa katikati ya taarifa.
"Hii," akasema Namakwekwe, "ndiyo iliyomwachisha mume wangu kazi.
Na ndiyo aliyoitengeneza mpaka akafa."

Meneja wa hoteli alikuwa amepiga hesabu:
mpiga ngoma anakula, mashine haili.
Wepukhulu akakabidhi vijiti Jumamosi.
Alhamisi wakamfuata nyumbani, mbio,
mashine imekohoa, nani ataifungua?

Chumba changu kiko nyuma ya duka la saruji, Mbale mjini,
trei za mayai ukutani, feni inayosema uongo.
Kompyuta yangu ina ngoma elfu tisa,
zote safi, zote zimeoga,
zote zinafika kwa kengele moja kama watoto wa bweni.

Hii haina ngoma hata moja.
Ndani mna umeme tu unaogutushwa,
ukalia, ukafifia.
Matoazi yake ni uvumi wa transista iliyochoka
uliokatwa vipande vifupi vifupi,
vitunguu vikiangukia mafuta ya moto.

Huiwashi ukaanza papo hapo.
Unaiwasha, unachemsha chai, unainywa,
ndipo besi inashuka na kukaa mahali pake.
Saa nane bati likishika joto inapanda tena,
kidogo,
kama mtu anayejiweka sawa mgeni akiingia.

Nabifo alikuja kuimba, ana haraka ya miaka kumi na tisa.
"Dada, rekodi kila mlio mara moja,
halafu umrudishie mama wa watu sanduku lake."
Nikarekodi. Pigo moja la besi,
nikalinakili mara mia nne.
Tukasikiliza. Nabifo akatazama simu yake.
"Limekuwa kama mtu anayekubali kila kitu,"
akasema mwishowe.

Usiku ule nikafungua kifuniko, natafuta vumbi.
Vumbi lilikuwepo, na buibui mkavu,
na karatasi ya pakiti ya sigara, maandishi ya penseli:
*Skrubu ya tatu usiguse.
Nimeipatanisha na ngoma kubwa ya kadodi,
ile ya mjomba.*

Kwa hiyo miaka yote ile
wageni wa hoteli, na tai zao, na bia zao baridi,
walicheza rumba juu ya tumbo la ngoma ya jando,
wasijue kwa nini magoti yanawawasha.
Na meneja akihesabu.

Sikuigusa.

Kesho yake tokeni za Yaka zikaisha katikati ya kibwagizo.
Giza. Feni ikanyamaza kwa mara ya kwanza kwa ukweli.
"Umehifadhi?" Nabifo akauliza.
Hifadhi ya nani? Betri yake ilivuja kabla yeye hajazaliwa.
Mashine hii ukiizima
inasahau wimbo kama mlevi anavyosahau deni.

Umeme uliporudi nikagonga upya kwa vidole,
pigo moja baada ya jingine, kutoka kichwani,
nikiwa na njaa, na saruji ikishushwa nje kwa kelele.
Pigo la tano lilichelewa.
Nikanyoosha mkono nilifute.
Nabifo alikuwa ameshafumba macho, ameshaanza kuimba.

Ndilo lililomo.

Nilimpelekea Namakwekwe wimbo ndani ya simu.
Akaushika sikioni kwa mikono miwili,
akasikiliza mpaka mwisho, na kimya cha baada ya mwisho,
kisha akanirudishia simu.
"Na gomesi yangu?"

Nikamwambia nitaileta.
Sijaipeleka.
Vumbi la saruji ni jingi,
na mashine imeizoea.